Jibu: Mizigo ya safari ya nyika za Mongolia, Septemba

Dada yangu wa Lindi, umeuliza kama jaketi moja zito litakutosha kwa wiki mbili za Mongolia mwezi Septemba. Halitoshi. Mchana kule jua linawaka, usiku maji yanaweza kuganda, na nyika ile haina miti ya kukinga upepo. Vaa nguo juu ya nguo: ya ndani ya kubana, sweta la sufu, halafu jaketi jepesi la kuzuia upepo. Jinzi ziache nyumbani, zikilowa hazikauki upesi na baridi inakuingia hadi mifupani. Kabla hujanunua kwa bei ghali Dar, pitia kwanza mitumba huku kwetu Mtwara. Nani anagombania masweta kwenye joto hili? Soksi nunua Ulaanbaatar, mji mkuu wao, zipo za manyoya ya ngamia.

Hema lao la duara, ger, lina jiko katikati, ila moto ukizimika alfajiri utatetemeka. Simu na pawabenki lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi inamaliza chaji. Soketi zao ni za pini mbili za mviringo, beba adapta. Hewa ni kavu mno, kwa hiyo mafuta ya mgando ya midomo na pua usiyakose.

Na tafadhali, beba korosho za kukaanga, za kutosha. Ni chakula chepesi cha njiani, na mwenyeji atakayekukaribisha chai ya maziwa yenye chumvi umpe pakiti moja. Kikombe kipokee kwa mkono wa kulia, kama kwetu.