Maswali yenu ya RV: kukimbilia kusini wakati wa baridi bila kufilisika

Haya, theluji imeshaanza kuwatisha watu wa Minnesota, Ohio na Toronto na inboksi yangu imejaa maswali ya RV, yaani gari au trela ya kulala na kupika ndani. Nimechagua maswali ambayo nikijibu moja nakuwa nimewajibu kumi. Wale mliouliza "RV nzuri ni ipi?" halafu basi, hamjasema mna shilingi ngapi, mko wangapi wala mnaelekea wapi, sijawajibu na sitawajibu, hata fundi cherehani anakupima kwanza.

Anko shikamoo. Mimi na mke wangu tumestaafu, tupo Minneapolis, tunataka kukaa Arizona kuanzia Desemba mpaka Machi. Tumeona RV mpya ya dola 95,000, mkopo wa miaka 15, malipo ya mwezi yanabebeka. Bajeti yetu ni ndogo. Tuchukue? (Baba Neema)

Marahaba. Msichukue.

Baba Neema, umesema mwenyewe bajeti ndogo, sasa hiyo 95,000 imetoka wapi? Muuzaji anakuonyesha malipo ya mwezi kwa sababu anajua ukijumlisha riba ya miaka 15 utaondoka hapo dukani bila kuaga. Halafu RV inashuka bei siku ile ile unayoitoa, kwa hiyo miaka michache mbele utakuta deni ni kubwa kuliko thamani ya gari, huwezi kuiuza huwezi kuitupa. Na mtaitumia miezi minne, ile minane mingine imekaa inakula bima na kodi ya maegesho. Nawajua watu walionunua ili wapige picha watume nyumbani, picha zimeisha, mkopo haujaisha.

Tafuteni iliyotumika, ya bei mnayoweza kulipa taslimu, hata kama mapazia yake ni ya mwaka 47. Halafu piga hesabu hivi: kutoka Minneapolis mpaka Quartzsite, Arizona ni takriban maili 1,800. Motohomu, yaani RV yenye injini yake, ya petroli inakwenda maili 8 mpaka 10 kwa galoni ukijitahidi, kwa hiyo ni kama galoni 200 kwenda tu, petroli ikiwa dola 3 na kitu hapo umeshamaliza 600 na ushee, na kurudi vile vile. Sasa mkishafika KAENI. Hela ya RV inaliwa na mambo mawili, mkopo na kuzurura. Kuna watu wanaona wakikaa wiki mbili sehemu moja wamepitwa, leo Sedona, kesho Grand Canyon, kesho kutwa San Diego, halafu Februari wananiandikia kwamba maisha ya RV ni ghali. Maisha ya RV sio ghali, nyie ndio hamtulii!

Pale Quartzsite kuna eneo la jangwa la serikali linaitwa La Posa, lipo chini ya BLM, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma. Kibali cha msimu mzima, tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, kilikuwa dola 180 kwa miaka mingi, na cha wiki mbili dola 40. Angalieni bei kabla ya kuondoka maana vitu vya serikali havichelewi kupanda, ila kwa bei hiyo ya 180 kwa miezi saba haifiki hata dola 26 kwa mwezi. Hakuna umeme wa kuchomeka, mnatumia sola na betri zenu, lakini maji ya kujaza yapo, sehemu ya kumwaga maji taka ipo, takataka pia mnatupa hapo hapo. Kambi binafsi yenye umeme na bwawa la kuogelea itawatoza mamia ya dola kwa mwezi. Bwawa la nini na mmekuja kukimbia baridi?

Hiyo 180 bado nyingi. Hakuna pa bure kabisa? (Mdau wa Columbus)

Pa bure papo, tena hapo hapo nje ya Quartzsite, Plomosa Road na Scaddan Wash, ni ardhi ya BLM hiyo hiyo. Unakaa siku 14 ndani ya kila siku 28, zikiisha unahama angalau maili 25. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna pipa la taka. Ukijumlisha petroli ya kuhamahama na hela ya kwenda kununua maji na kumwaga uchafu mjini utakuta kile kibali cha 180 ndio rahisi, ila najua hamtanisikia, neno "bure" likishaingia kwenye kichwa cha mtu halitoki.

Ukienda lakini, pita makaburi ya zamani ya mji uone piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia juu yake. Ni kaburi la Hadji Ali, Mwislamu aliyetoka himaya ya Waturuki, aliyeletwa Marekani miaka ya 1850 kuongoza ngamia wa jeshi. Wamarekani jina likawashinda wakamwita Hi Jolly. Amefia huko 1902. Watu wetu wanakaa miezi mitatu umbali wa kutembea kwa miguu na hawajawahi kufika, wako bize kutafuta mahindi ya kuchoma.

Camry yangu ya 2012 inaweza kuvuta trela ya kulala watu wanne? Shemeji anasema inaweza. (Sele)

Haiwezi. Na usimsikilize shemeji yako aliyesema inaweza.

Anko, hita ya RV inamaliza gesi siku mbili tu. Tukiwasha jiko la mkaa dakika chache kabla ya kulala, moshi ukishaisha tukaliingiza ndani, kuna shida? (Mama Junior, Dallas)

Swali hili linakuja kila msimu na kila msimu damu inanisisimka. Mama Junior, USIINGIZE. Sio dakika tano, sio na dirisha wazi, sio "limebaki kaa tu". Mkaa ukiwa umekolea mwekundu, moshi hamna, ndio wakati unatoa kaboni monoksaidi kwa wingi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Unasikia kichwa kinauma kidogo, usingizi mtamu, basi. Nyumbani jiko linakaa uani au jikoni kwenye upenyo wa bati, hapa mko kwenye kisanduku kilichozibwa kila upande na raba ili joto lisitoke. Jenereta nayo hivyo hivyo, isikae chini ya dirisha mnalolala.

Mkitaka kupunguza gesi: mpashe joto chumba kimoja tu mnacholala, mzibe madirisha kwa zile karatasi nene zinazong'aa kama foili, mnunue mablanketi ya kueleweka. Kuna hita ndogo za propeni zilizotengenezwa kwa matumizi ya ndani, zinajizima zenyewe hewa ya oksijeni ikipungua, hizo sawa ila unaacha upenyo dirishani na unaizima kabla ya kulala. Na kengele ya kaboni monoksaidi iwe inafanya kazi, bonyezeni kitufe chake leo, sio kesho, nyingi zina tarehe ya kuisha nyuma na watu hawajui. Jangwani Januari mchana unavaa tisheti, alfajiri inashuka nyuzi 4 au 5, sio baridi ya kufia hiyo.

Nipo Toronto, nina PR (ukaazi wa kudumu) ya Canada, pasipoti ya Kenya. Naweza kushuka Florida na kukaa kambini miezi mitano kama majirani zangu wazungu? (Wanjiru)

Majirani zako wana pasipoti ya Canada, wewe huna. PR ya Canada haikupi ruhusa ya kuingia Marekani, unahitaji viza ya matembezi, na hata ukiwa nayo siku za kukaa anaandika ofisa wa mpakani, kwa kawaida miezi 6.

Hujauliza lakini nakuambia. OHIP, bima ya afya ya serikali ya Ontario, inakuruhusu kuwa nje ya Ontario mpaka siku 212 ndani ya miezi 12, lakini hospitali ya Florida OHIP italipa vijisenti tu, kwa hiyo bima ya safari sio hiari. Na watu wa kodi wa Marekani wana hesabu yao: siku za mwaka huu zote, ongeza theluthi ya za mwaka jana, ongeza moja ya sita ya za mwaka juzi, ikifika 183 wanaweza kukuhesabu mkazi wao wa kodi. Mtu anayekaa siku 122 kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, ameshafika. Wewe kwa miezi mitano kila mwaka utapita. Kuna fomu namba 8840 ya kueleza kwamba makao yako hasa ni Canada, watu wanaidharau mpaka barua inakuja.

Tupite njia gani kutoka Minnesota? GPS inatupeleka Flagstaff. (Baba Neema tena)

Flagstaff ipo juu karibu futi 7,000, ina theluji kuliko mnavyofikiri, msiende na RV Desemba. Shukeni barabara kuu ya I-35 mpaka Wichita, mshike US-54 mpaka Alamogordo, mkatize Las Cruces mkaingie I-10. Upepo wa kaskazini mwa Texas unayumbisha gari kwelikweli, ukivuma simameni mnywe chai. Mabomba ya maji ya RV mwache na ile dawa ya pinki ya kuzuia barafu mpaka mtoke kwenye baridi, njiani mtumie maji ya chupa, na iwe ile ya RV, sio kulanti ya injini, ile ni sumu.

Magharibi mwa Las Cruces kuna kizuizi cha Border Patrol, askari wa mpakani, kwenye I-10. Kama ni wa grinkadi, sheria inataka uwe nayo mwilini muda wote, sio picha kwenye simu, sio "ipo nyumbani kwenye faili". Na mkiachia apatimenti kabisa mkahamia kwenye RV, mna siku 10 za kuwaarifu USCIS, watu wa uhamiaji, anwani mpya. Hili watu wanalichukulia poa mno.

Nilirudi kutoka Phoenix na kikohozi, homa na uchovu hauishi. Daktari hapa Ohio amenipa antibaiotiki mara mbili, wapi. (Mzee wa Dayton)

Mzee wangu shikamoo. Rudi kwa huyo daktari umwambie maneno haya: "nilikuwa Arizona, nipime Valley fever." Ni fangasi ya kwenye vumbi la jangwa la huko, ukiivuta inaweza kukushika mapafu ikafanana na nimonia, antibaiotiki haiigusi. Madaktari wa kaskazini hawaioni mara kwa mara kwa hiyo haiwajii kichwani. Na hili nalisema kwa wote: sisi watu weusi tumo kwenye makundi ambayo inaweza kuwapiga vibaya zaidi, wenye kisukari na wajawazito pia. Wengi wanapona bila dawa, lakini usikae nayo. Upepo wa vumbi ukianza ingieni ndani mfunge madirisha, acheni kurekodi video.

Nimepata trela ya 2014 bei chee, matairi sio vipara hata kidogo, kama mapya. (Dulla)

Kama mapya sio mapya. Tairi la trela linazeeka limesimama. Piga magoti usome ubavuni, tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, tuseme 3517, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Ukikuta hivyo hata kama linang'aa badilisha yote kabla ya barabara kuu, na bei ya matairi manne utoe kwenye bei ya trela. Ukiwa hapo chini usinyanyuke, kandamiza sakafu kwenye kona na chini ya madirisha, ikibonyea maji yameshaingia, mshukuru muuzaji uondoke.

Anko naona aibu kuuliza, choo kinamwagwaje? (Asiye na jina)

Hakuna aibu, aibu ni wale wanaofungulia jangwani usiku, wanapigwa faini na wanatuchafulia wote. Unaenda sehemu maalum ya kumwaga, vaa glovu, unafungulia tenki la choo kwanza, likiisha ndio unafungulia la maji ya kuogea lisafishe mpira wa kumwagia. Na huo mpira usiuweke kabati moja na mpira wa maji ya kunywa, nimeona.