Pasi 14 za Night Train

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni rekodi gani ya michezo tunayoamini haitavunjwa tukiwa hai. Najua wengi watataja wakimbiaji na wafungaji mabao. Mimi namtaja beki wa futiboli ya Kimarekani, Dick Lane, aliyeitwa Night Train, yaani Treni ya Usiku.

Kwa asiyeufuata mchezo huo: beki wa nyuma kazi yake ni kumganda mpokeaji wa pasi asipate mpira. Akiudaka yeye, timu yake ndiyo inayoanza kushambulia. Mwaka 1952 Lane alidaka pasi 14 za wapinzani katika mechi 12, na ule ulikuwa msimu wake wa kwanza kabisa kwenye ligi kuu ya mchezo huo, NFL. Hiyo ndiyo rekodi ninayoisema.

Alikotoka ndiko kunakonigusa zaidi. Alitupwa akiwa kichanga huko Austin, Texas. Inasimuliwa kwamba mjane Ella Lane alisikia kilio akadhani ni paka, kumbe mtoto. Akamchukua, akamlea kama wa tumbo lake. Alipokua akatumikia jeshi, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha ndege, akibeba mabamba ya chuma yanayochuruzika mafuta. Hapo ndipo alipojipeleka mwenyewe ofisini kwa timu ya Los Angeles Rams, mkononi ana vipande vya magazeti vilivyoandika habari zake, akaomba kujaribiwa. Hakuna aliyekuwa amemwita! Wakamweka kwanza upande wa kupokea pasi, lakini huko tayari walikuwepo nyota Tom Fears na Elroy Hirsch, basi wakamhamishia ulinzi. Hata jina la Night Train lilitokana na santuri yenye jina hilo aliyopenda kuipiga Fears, Lane alipokuwa akimfuata chumbani kumuuliza mbinu za mchezo.

Wapo wanaosema warushaji wa pasi wa enzi hizo walipoteza mipira ovyo. Ni kweli walipoteza zaidi kuliko wa leo. Lakini mabeki wote walikutana na warushaji haohao, na aliyefika 14 ni mmoja. Mwaka 1954, akiwa timu ya Chicago Cardinals, aliongoza tena ligi kwa kudaka 10. Alistaafu Detroit mwaka 1965 akiwa amedaka jumla ya pasi 68. Ile kabari yake ya shingoni ya kumwangushia mpinzani, ambayo ligi iliipiga marufuku, siitetei, kwa maana ingeweza kumvunja mtu.

Beki mwingine, Lester Hayes, alifika 13 mwaka 1980, kwa mechi 16 na mikono iliyopakwa gundi. Msimu uliofuata gundi ikakatazwa. Siku hizi msimu una mechi 17, ila warushaji wanapiga pasi fupi za uhakika, beki anapata nafasi chache mno.

Mara moja tu niliingiwa na hofu. Mwaka 2021 beki Trevon Diggs wa Dallas alidaka 7 katika mechi 6 za mwanzo. Mimi na mwanangu, ambaye naye ni beki shuleni, tulihesabu kila Jumapili. Msimu ukaisha ana 11.