Ngoja masika ipite kwanza ndipo ubandike maua ukutani

Ilikuwa usiku wa Aprili, Tabata, mvua imeshinda inanyesha. Nikasikia sebuleni kitu kinachanika taratibu, kama mtu anayebandua plasta kubwa kwenye kidonda. Nikajua mwizi. Kuwasha taa, kumbe ni ukuta wangu. Karatasi niliyoibandika Januari kwa mbwembwe zote, ya majani mapana ya mgomba yenye mistari ya dhahabu, ilikuwa inajivua yenyewe kuanzia juu. Kipande kizima kikainama polepole, kikalalia televisheni. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa meusi, na uvundo wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

Asubuhi fundi rangi akaja, akaweka kiganja ukutani, akakitazama. "Dada, ukuta huu unalia. Ulikuwa unalia hata kabla hujauvalisha nguo."

Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na bafu la mpangaji mwenzangu. Mimi niliona majani ya mgomba kwenye simu nikayapenda, bafu sikuliuliza. Tangu siku ile nimehama, nimejenga kibanda changu Goba, na nimebadilisha mapazia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya mume wangu. Watu wananiuliza fasheni ya sasa ni ipi. Mimi nawarudishia swali: sasa hivi Dar ni majira gani?

Hizi "kolekisheni mpya" tunazoletewa kwenye simu zinatengenezwa kwa kalenda ya Ulaya, mara mbili kwa mwaka. Ikikaribia Septemba utaona mahameli, rangi ya kutu, kijani cha chupa, zambarau iliyoiva, kwa sababu kule majani yanaanza kupukutika na watu wanataka nyumba ionekane ya joto. Nyumba ionekane ya joto! Sisi Septemba ndiyo kipupwe kinaaga, na mbele yetu kuna vuli yenye mvua za kushtukiza, halafu kiangazi cha Desemba hadi Februari ambacho hata feni inapuliza hewa ya moto. Ukitundika mahameli Novemba, sebule inakuwa kama ndani ya koti.

Kwa hiyo mimi nanunua kinyumenyume. Vitambaa vizito vilivyotoka kwa ajili ya baridi yao navitafuta Mei, nivitundike Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma na usiku mtu unavuta shuka. Mara nyingi ni mzigo wa mwaka jana ambao mwenye duka anataka uondoke, na hapo bei inaongeleka. Pamba nyepesi na kitani nazitafuta Oktoba. Mtu akikwambia ua fulani la kitambaa limepitwa na wakati, mwonyeshe ile alama iliyopinda kama tone, ambayo Wazungu wameipa jina la mji wa Paisley kule Uskochi kwa sababu huko ndiko zilikofumwa shali zake kwa wingi. Asili yake ni Uajemi na Kashmir. Kwenye khanga sisi tunaiita korosho, na bibi zetu walijifunga korosho kabla hatujazaliwa. Kila baada ya miaka michache inarudi kwenye katalogi ikiitwa mpya.

Turudi ukutani, maana huko ndiko hela inakopotelea.

Karatasi nyingi za ukutani zinazouzwa Kariakoo zina uso wa plastiki, ndiyo maana muuzaji anazimwagia maji mbele yako na kuyafuta kwa kitambaa akitabasamu. Ni kweli zinafutika. Lakini plastiki hiyo hiyo inayozuia maji yasiingie inazuia pia unyevu wa ukuta usitoke. Ukuta wa bloku ambao haukuwekewa kizuizi cha unyevu chini unanyonya maji ya ardhini kama utambi. Ukiupaka rangi ya maji unapumua kidogo. Ukiufunika kwa plastiki unyevu unakaa nyuma, gundi inalegea, ukungu unapata nyumba ya bure. Zile za stika, za kubandua karatasi ya nyuma na kubandika, ndizo za kwanza kuachia.

Kipimo changu hakina gharama. Chukua nailoni safi, kata kipande cha kama sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani wa nailoni, au ukuta pale umekuwa mweusi kuliko pembeni, usibandike chochote. Tafuta bomba linalovuja, bati, au maji ya chini, shughulika nayo kwanza. Na kipimo hiki kifanye masika, si Januari. Januari kila ukuta wa Dar unaonekana mwaminifu. Mimi sasa nasubiri Julai ndiyo nabandika, ukuta ukiwa umekauka na hewa imepungua ufukuto. Lipu mpya nayo iache ikauke wiki kadhaa kabla ya kuigusa, hata kama fundi ana haraka ya hela yake.

Usikubali pia kubandika juu ya rangi inayobambuka au inayotoa unga mweupe wa chumvi. Gundi itashika ile rangi vizuri kabisa, kisha rangi ndiyo itaachana na ukuta.

Kuna hesabu nyingine iliyonitia hasara. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, yaani mita za mraba tano na kidogo. Ukuta wangu wa Goba una upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.8, jumla mita za mraba 11.2. Muuzaji akabonyeza kikokotoo: "Mama, roli mbili, utabanabana tu." Nikabeba mbili.

Lakini ukuta hauvalishwi kwa mita za mraba. Unavalishwa kwa mapande ya kutoka juu hadi chini. Mita 4 ukigawa kwa sentimita 53 unapata mapande saba na nusu, yaani manane. Roli ya mita 10 inatoa mapande matatu tu ya mita 2.8, na kinachobaki ni kipande cha mita moja na nusu hivi kisichofika popote. Roli mbili ni mapande sita. Nilihitaji tatu. Na kama ua ni kubwa, kila pande linakatwa refu zaidi ili ua likutane na mwenzake, kwa hiyo uliza ua linarudia kila baada ya sentimita ngapi. Imeandikwa kwenye lebo.

Niliporudi wiki iliyofuata kuchukua ya tatu nilipata ua lile lile, jina lile lile, ila namba ya toleo kwenye lebo ilikuwa tofauti. Dukani sikuona kitu. Ukutani, jua la saa kumi lilipoingia, mapande mawili ya mwisho yalikuwa na umanjano kidogo, kama meno ya mvuta sigara. Kabati la vitabu ndilo linaziba pale mpaka leo. Kwa hiyo nunua zote siku moja, soma namba za lebo moja moja, ongeza roli moja ya akiba uiweke juu ya kabati. Na fundi asipoanza na timazi, ule uzi wenye kitu kizito chini, akianza kubandika kwa kufuata kona ya ukuta, msimamishe. Kona zetu hazijanyooka, na pande la kwanza likienda upogo, la nane litakuwa limelewa.

Ukiniuliza, ukuta mmoja unatosha. Ule wa nyuma ya kochi au wa kichwani mwa kitanda, mingine paka rangi tulivu. Ukuta ukae hivyo miaka, vitambaa ndivyo vizunguke na majira.

Kwa mapazia, anza na jua kabla hujafikiria rangi. Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halituangalii upande mmoja mwaka mzima. Juni linapita kaskazini mwa nyumba, Desemba linapita kusini. Dirisha langu la jikoni linaloelekea kusini sijawahi kulihangaikia kipupwe, ila ikifika Desemba linageuka tanuri. Dirisha la magharibi ni adui wa mwaka mzima, kila jioni. Huko usitundike pamba yenye rangi kali bila bitana, itapauka kwenye mikunjo kwanza, na utabaki na mistari kama ya pundamilia. Bitana yangu ni marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kilipewa jina hilo tangu merikebu za Marekani zilipokuwa zinakishusha Unguja karne ya 19, na bado kinafanya kazi kuliko vingi vinavyong'aa.

Kupima: usipime dirisha, pima bomba la pazia. Bomba liwe limezidi dirisha angalau sentimita 15 kila upande ili pazia likivutwa liache dirisha wazi na upepo uingie. Kisha zidisha mara mbili. Bomba langu la sebuleni ni mita 2.2, kwa hiyo nanunua mita 4.4 za kitambaa chenye upana wa mita 2.8, ule upana unakuwa kimo. Chini ya hapo pazia likifungwa linakaa kama shuka iliyoanikwa. Kama ni pamba, loweka na anika kabla ya kukata. Nilishawahi kushona kwanza, nikafua baadaye, na pazia lililokuwa linabusu sakafu likapanda hadi kwenye kifundo cha mguu. Watoto wakaliita suruali ya njiwa.

Halafu khanga. Ni pamba, zina maua ambayo hakuna katalogi inayoyafikia, na doti moja inakupa vipande viwili vinavyofanana kwa dirisha dogo. Lakini khanga ina jina. Mimi nilishona ya chumbani bila kufikiri, nikatundika, jioni nikawasha taa. Dirisha linatazamana na la jirani. Siku tatu hakuitikia salamu yangu. Siku ya nne akaniambia kwa sauti ya chini, "Jirani, kama una neno na mimi si useme tu, kuliko kunitundikia dirishani." Nikatoka nje kuangalia. Taa ikipita kwenye kitambaa, maandishi yanasomeka vizuri, ingawa kinyume: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Nilicheka mpaka nikakaa chini, yeye hakucheka. Siku hizi nakata jina, nabaki na mji, ile sehemu ya katikati, na pindo. Majina nashonea foronya za mito ya kochi, ndani, kwa wanaonifahamu.

Na fundi cherehani. Mjini hapa mapazia hubadilishwa kwa sikukuu kuliko kwa hali ya hewa, na Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka inaangukia kwenye joto na kuna miaka inaangukia kwenye matope ya masika. Kitambaa mpelekee Shaabani. Ukimpelekea kumi la mwisho la Ramadhani, atakipokea, hatakataa kamwe, atasema "kesho kutwa dada," na utapokea wageni wa Idi na madirisha uchi. Christmas hali ni hiyo hiyo, sogeza tu Novemba. Nenda na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi, mwachie nakala, na mwambie upindo wa chini uwe mpana, sentimita 10 hivi. Ukihamia nyumba yenye madirisha marefu zaidi, unaufumua.

Jambo moja tu ninaloligomea dukani ni kuamua pale pale. Maduka ya Mtaa wa Uhuru na ya ndani huko Kariakoo yana taa nyeupe kali, kila rangi inapendeza. Naomba robo mita, nailipia, nairudisha nyumbani, naipachika dirishani kwa pini asubuhi na kuiacha mpaka usiku. Sasa hivi nina robo mita tatu zinaning'inia sebuleni: moja ya kitani rangi ya mchanga, moja ya korosho za bluu, na moja ya mahameli ya kijani ambayo najua kabisa siitaki lakini mkono uliivuta. Jana saa kumi jioni ile ya mchanga ilikuwa nzuri kuliko zote. Saa mbili usiku, chini ya taa ya njano, ilionekana kama gunia la mchele. Ya korosho bado inasimama.