Kabla hujawasha torenti kwenye waifai ya chuo

Niliwahi kufanya kazi dawati la IT chuoni, ile kazi ya kukaa kaunta unasikiliza waifai imegoma, paswedi imesahaulika, printa haitoi. Hizo zilikuwa rahisi. Zilizokuwa zinaumiza kichwa ni zile za mtu kuja na laptopu mkononi, akaunti yake imefungiwa intaneti, hajui kwa nini, ukimwonyesha sababu anakwambia "lakini mimi nilidaunlodi tu". Hapo kwenye "nilidaunlodi tu" ndo nataka tukae kidogo maana wengi wanaoingia matatani wanaanzia hapo.

Torenti, ile njia ya watu kugawiana mafaili kompyuta kwa kompyuta, haiendi kama kudaunlodi kwenye tovuti ya kawaida. Toka mtengeneza programu Bram Cohen aitoe BitTorrent, mfumo wenyewe wa torenti, mwaka 2001 mpango ni uleule, faili linakatwa vipande vipande, na ukishavuta kipande kimoja tu unaanza hapohapo kukigawa kwa wengine. Yaani bado hujafika hata robo na laptopu yako ishaanza kutuma vipande kwa watu usiowajua kabisa. Na faili likiisha programu haitulii, inaendelea kugawa mpaka uizime kwa mkono wako, na kuizima kwenyewe watu wanadhani ni kubonyeza ile alama ya X, kumbe imejificha tu chini pembeni ya skrini inapiga kazi. Nyingi pia zinajiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka. Kwa hiyo kuna mtu kavuta filamu akiwa likizo, kashaisahau, karudi chuo kaunganisha waifai, na programu ikaanza kugawa upya akiwa kwenye lekcha anachukua notisi. Na nchi nyingi sheria inamkalia vibaya zaidi anayesambaza kuliko anayepokea, sasa wewe unajiona mpokeaji, mtandao unakuona msambazaji.

Haya, "nani ataniona, tuko maelfu humu." Sikia inavyokuwa. Wenye haki miliki wanakodi makampuni ambayo kazi yao ni kuingia kwenye torenti ileile unayotumia wewe, wanajifanya wavutaji wa kawaida, na programu yao inawaonyesha orodha ya anwani za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa intaneti) za wote wanaogawa. Hawadukui chochote, orodha iko wazi kwa kila aliyemo. Wanaandika anwani, saa, jina la faili, wanatuma notisi kwa mwenye anwani, ambaye ni chuo. Chuo nacho kina logi, yaani kumbukumbu za mtandao: anwani hii saa hii alipewa kifaa gani, na kifaa hicho kiliingia kwa akaunti ya nani. Wewe si uliweka namba yako ya usajili na paswedi ndo waifai ikakubali? Basi. Mtandao wa chuo ni katika sehemu mbaya kabisa za kujificha, mgahawani huenda wasijue wewe ni nani, chuoni wanajua mpaka kozi unayosoma.

Kuna wajanja wa kusema wao hawatoki nje, wanagawiana ndani kwa ndani kwenye mtandao wa hosteli, folda zimeachwa wazi kila mtu anajichotea. Hiyo nayo ishapelekwa mahakamani zamani. Aprili 2003 chama cha kampuni za muziki cha Marekani, RIAA, kiliwashtaki wanafunzi wanne wa vyuo vitatu (Princeton, Rensselaer na Michigan Tech) waliokuwa wanaendesha mifumo ya kutafuta mafaili ndani ya mitandao ya vyuo vyao, wakaishia kukubali kulipa, kila mmoja kati ya dola 12,000 na 17,500. Na mwaka 2009 Joel Tenenbaum, aliyekuwa anasoma Boston University, baraza la wazee wa mahakama likaamua alipe dola 675,000 kwa kuvuta na kugawa nyimbo 30 mtandaoni. Nyimbo 30 bana, hiyo ni albamu mbili tatu. Sikwambii yatakukuta hayo, siku hizi kesi za namna ile dhidi ya wanafunzi zimepungua sana, nakwambia tu kwamba "ni mambo madogo" sio hoja ya kisheria. Huko Marekani sheria ya elimu ya juu ya 2008 inavitaka vyuo vinavyopokea hela za mikopo na misaada ya serikali kwa wanafunzi viwe na mpango wa kupambana na jambo hili na viwaeleze wanafunzi kila mwaka, kwa hiyo mtu wa IT hana hata nafasi ya kukuonea huruma.

Kikubwa kinachowakuta watu wengi kiukweli ni adhabu ya chuo chenyewe. Mara ya kwanza unafungiwa intaneti, unaitwa, unasaini karatasi. Ukirudia unaweza kupelekwa kamati ya nidhamu. Inaonekana kitu kidogo mpaka ikukute wiki ya kuwasilisha kazi na mfumo wa kuwasilishia uko mtandaoni.

Na usimpe mtu paswedi yako ya waifai. Wala usimwachie rumeti hotspoti kutoka kwenye laptopu iliyoingia kwa jina lako. Nimeshuhudia watu wanakaa mbele ya ofisa wanaapa sio wao, na mimi niliwaamini kabisa, ila logi inasema ni akaunti yako na karibu kila kanuni ya matumizi ya mtandao ina kipengele kinachosema akaunti yako ni jukumu lako. Kile kipengele tunachokubali bila kusoma, ndo hichohicho.

Kuhusu VPN, ile huduma ya kupitisha intaneti yako kwingine ili anwani yako isionekane, najua mtakuja nayo. Za bure nyingi mwenye nayo lazima apate hela mahali na mahali penyewe mara nyingi ni wewe. Zingine zikikatika sekunde chache programu ya torenti inarudi kwenye anwani yako halisi bila kukwambia. Vyuo vingine vinazikataza kabisa, sasa unakuwa umetoka kosa moja umepata mawili. VPN ina kazi zake nzuri tu, ila kuitegemea kama kinga hapa mi naona ni kujidanganya.

Lakini ukiniuliza mimi, kinachotisha kuliko notisi zote ni kilichomo ndani ya faili lenyewe, na hapa ndo niliona machozi. Muziki na filamu hatari yake ni ndogo kidogo, balaa ni programu. Mtu anataka programu ya takwimu au ya kuchora ramani za majengo, bei imemshinda, anatafuta kraki, yaani kitu cha kuvunja kufuli la leseni aitumie bila kulipa. Maelekezo ya kraki karibu yote yanaanza na "zima antivairasi kwanza". Hebu jiulize, unaambiwa na mtu usiyemjua umfungulie mlango na ufukuze mlinzi, halafu unakubali! Ndani mnakuwa na virusi vya kuiba kila kitu kilichohifadhiwa kwenye brauza, paswedi, na zile kuki zinazokufanya usiulizwe paswedi kila saa, kwa hiyo hata kama umeweka uthibitisho wa hatua mbili mwizi anaingia kama wewe. Au ni virusi vya kufunga mafaili, familia ya STOP/Djvu imesambaa sana kwa njia hii hii ya kraki, unaamka asubuhi kila faili limeongezewa mkia mpya kwenye jina na kuna ujumbe wa kudai malipo. Tasnifu imo humo. Data za utafiti zimo humo. Na nakala ya akiba ilikuwa kwenye flashi iliyochomekwa kwenye laptopu hiyohiyo, nayo imefungwa. Kwenye kaunta hapo hatukuwa na la kumsaidia zaidi ya kusafisha mashine na kuianzisha upya.

Kitu kimoja cha bure ufanye leo, nenda kwenye mipangilio ya Windows uweke ionyeshe viishio vya mafaili, zile herufi za mwisho wa jina baada ya nukta, maana kawaida inavificha, na faili linaloitwa filamu.mp4.exe wewe unaliona filamu.mp4 tu. Exe ni kiishio cha programu, filamu haiwi exe. Kamwe.

Na utashangaa vingapi mnavyoviiba mnapewa bure. Anzia ofisi ya IT ya chuo uliza leseni gani zipo za wanafunzi, vyuo vingi vinazo na hakuna anayetangaza. Microsoft wana Office ya bure kwa barua pepe ya shule zilizojiandikisha, Autodesk (programu za kuchora majengo) na JetBrains (za kuandikia kodi) wanawapa wanafunzi programu zao bila malipo. Takwimu kuna R, ramani za kijiografia kuna QGIS, uandishi kuna LibreOffice, hizo ni huru kwa kila mtu hata ukishahitimu. Vitabu, OpenStax ya Rice University inatoa vya kiada bure toka 2012, fizikia, uchumi, baiolojia na kadhalika. Makala ya jarida imefungwa kwa malipo? Mwandikie mwandishi barua pepe, wengi wanatuma wenyewe na wanafurahi kuna mtu anawasoma. Mkutubi pia, watu wanamsahau mkutubi, anaweza kukuagizia kutoka maktaba nyingine.

Torenti yenyewe haina dhambi, mifumo ya kuendeshea kompyuta ya Linux inasambazwa rasmi kwa torenti. Ila hata hiyo ya halali uliza kwanza kama chuo kinaruhusu, mitandao mingine inaizuia yote bila kuchagua, na ukiiacha inagawa usiku kucha unabana kasi ya watu wote wanaotumia kisambaza waifai hicho.

Notisi ikishakufikia, zima programu ya torenti na uiondoe isijiwashe, na usiipuuze barua maana ukimya ndo unaopandisha kesi ngazi ya juu. Usianze kufuta mafaili na historia kwa pupa kabla hujaongea na ofisi, inaonekana kama unaficha ushahidi. Kama sio wewe sema mapema, taja nani mwingine alikuwa na paswedi, ibadilishe siku hiyohiyo. Na barua ikikutaka ulipe hela kwa kubonyeza linki, usilipe kwanza, matapeli nao wanatuma notisi feki. Usibonyeze kitu, ipeleke ofisi ya IT wao waiangalie kama notisi ya kweli imepita kwao, na kama ni ya kweli na ina madai ya pesa tafuta ushauri wa sheria, kitivo cha sheria mara nyingi kina kliniki ya msaada wa bure kwa wanafunzi.