Kaka katoa karatasi yenye dole la baba: nitie saini au nitafute wakili?

*Assalaam alaykum Shangazi. Baba yetu amefariki miezi miwili iliyopita hapa Wete. Wazee wake walitangulia zamani. Kaacha mama yetu, watoto wawili wa kiume na sisi watatu wa kike. Mdogo wetu wa kiume ana miaka 14. Siku ya hitma kaka alitoa karatasi yenye dole la baba, inasema nyumba na shamba la mikarafuu ni vyake yeye. Anataka tutie saini ili mambo yaishe, na anasema mtoto wa kike hampeleki nduguye mahkamani. Binamu yetu aliyeko London ananambia nitafute barrister. Nifanye nini?*
*Mtoto wa kike, Wete*

Waalaykumu salaam mwanangu. Pole kwa msiba, Mungu amrehemu mzee wenu.

Kabla ya wakili na kabla ya kadhi, usitie saini wala dole pahala popote. Mwambie na mama, waambie na dada zako. Wasia wa kumpa mrithi hausimami peke yake katika sheria ya Kiislamu. Unasimama pale tu warithi wenzake wanaporidhia baada ya kifo. Kwa hiyo ikiwa karatasi ile ni wasia, saini zenu ndizo zitakazoipa nguvu. Anayeridhia hukatwa katika fungu lake yeye, asiyeridhia lake liko palepale, na mtoto wa miaka 14 hawezi kuridhia, wala mama hawezi kumridhia. Jihadhari pia na hati ya uwakala, ile ya "nipeni nifuatilie maofisini". Nyingi huandikwa kwa upana hata aliyepewa akaweza kuuza.

Najua unachotaka kuniuliza: dole ni la baba kweli? Usianzie hapo. Kuthibitisha dole la kughushi ni kazi ndefu na ya gharama, na huenda usiihitaji kabisa. Anza kwa kuisoma karatasi yenyewe. Iombe mbele ya wazee, ipige picha mbele na nyuma, uone tarehe, majina ya mashahidi na maneno yaliyotumika.

Ikisema "nikifa, vitu hivi apewe fulani", huo ni wasia, na jibu lake nimeshakupa. Ikisema "nimempa", hapo kaka atadai hiba, yaani zawadi ya uhai, na hapo ndipo kesi kama hizi zinapokuwa nzito. Hiba inataka mtoaji atoe, mpewaji akubali, kisha akabidhiwe kitu chenyewe wakati mtoaji yu hai. Sasa jiulize: baba alikaa nyumba ile mpaka siku ya mwisho? Bili ya umeme inakuja kwa jina la nani? Karafuu kavu zilizopelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, msimu uliopita ziliandikwa risiti kwa jina gani? Kama risiti zina jina la baba miaka yote baada ya tarehe ya karatasi, hiyo ni dalili kubwa kwamba shamba halikukabidhiwa, na bila kukabidhiwa, kwa madhehebu ya Shafii hiba haitimii. Mali inarudi katika mirathi. Tazama pia kama karatasi iliandikwa baba akiwa katika maradhi yaliyomuua. Zawadi ya wakati ule huhesabiwa kama wasia. Kadi ya hospitali yenye tarehe ni ushahidi mkubwa, itafuteni kabla haijapotea.

Mafungu yenu ni mepesi kuyafahamu. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, na humo imo mahari ya mama kama ilibaki. Kama mama alichangia ujenzi, sehemu yake nayo hutolewa, kwani si mirathi. Kinachobaki kinagawika mafungu 8: mama 1, kila mtoto wa kike 1, kila wa kiume 2. Mikarafuu ikiwa 160, mama apata 20, wewe 20, kaka 40. Hamumnyimi kaka haki yake, na mwambieni hivyo kwa mdomo mwema.

Binamu yako ana nia njema, ila ushauri wake ni wa huko aliko. Uingereza wakili wa kutayarisha kesi na wa kusimama mahkamani, huyo barrister, huwa watu wawili, na mtu huweza kuandika wosia wa mali yake yote kwa amtakaye. Kwetu wakili mmoja hufanya yote mawili, na wasia wa Muislamu, hata kwa asiye mrithi, hauvuki theluthi moja ila warithi waridhie.

Kwanza nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, mfungue faili la mirathi. Chukueni cheti cha kifo, barua ya sheha, cheti cha ndoa ya mama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na orodha ya mali yenye mipaka na idadi ya miti. Semeni mapema kwamba kuna karatasi inayobishaniwa. Kaka akikataa mgao, hapo ndipo pa wakili.

Tafuta aliyeandikishwa Zanzibar, kwani wa Bara mwenye leseni ya Bara tu hasimami katika mahkama zetu. Muulize ameshughulikia mirathi mara ngapi, na akwambie mapema mlango gani wa kuingilia: nani mrithi na fungu lake ni kazi ya kadhi, lakini mvutano juu ya ardhi yenyewe huweza kwenda Mahkama ya Ardhi. Ukikosea mlango, miezi inapotea na ada hairudi. Ukimtoa Unguja, nauli ya boti na malazi yake ni juu yako, kwa hiyo anza na wa Pemba. Ada iandikwe, ioneshe inafika hatua gani, na kila ulipaji uwe na risiti. Kama hamna uwezo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, husaidia. Hata msaidizi wa sheria wa shehia yako atakuandikia malalamiko vizuri.

Jambo la kumwomba wakili siku ya kwanza ni amri ya zuio, ili nyumba isiuzwe na fedha za karafuu ziwekwe mpaka kesi imalizike. Kuizuia nyumba ni rahisi kuliko kumfuata aliyekwishainunua. Mama naye yumo edani, miezi 4 na siku 10. Asihamishwe na mtu.

Hilo la mtoto wa kike na nduguye, mwanangu, mkabidhi kadhi alijibu. Fungu lako limetajwa katika Qur-ani, na kulidai si utovu wa adabu. Wazee wakiwasuluhisha, pokeeni, lakini sulhu iandikwe kwa mafungu na idadi ya miti, kisha ipelekwe mahkamani isajiliwe kuwa amri. Sulhu ya mdomo huvunjika msimu wa kwanza wa karafuu, kila mtu anapopanda mti aliodhani ni wake.