Bwana analeta changu, mimi nataka mbaazi

Asalaam aleikum Khala. Mimi nina miaka 25, kwetu Malindi ila nimeolewa Lamu mwaka wa tatu huu na naishi na mavyaa. Mume wangu mvuvi. Miezi mitano nyuma nilianza kuangalia video za simu vile wanyama wanavyofugwa kwenye viwanda vya ng'ambo, nikaacha nyama, nikaacha mayai na maziwa, mwisho siku moja nampara changu akanipapatika mkononi bado yuko hai, samaki nao nikaacha. Wanaita vigani. Sasa nyumbani hakukaliki. Mavyaa asema najifanya mzungu, mara asema najiharamishia alichohalalisha Mungu. Mume wangu hasemi kitu lakini siku hizi akija na samaki anawaweka mlangoni anatoka zake barazani. Nikija Malindi nanunua maziwa ya lozi na soseji za soya supamaketi, hela zangu za kupaka hina zote zaishia hapo na bado nina njaa, nimekonda. Nifanyeje? Na samaki wake niendelee kumpara ama niache? Halafu nina mimba ya miezi mitatu.
Mke wa Mvuvi, Lamu

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma nikafika mwisho nikarudi juu nikasoma tena, manake la mimba umelitia mkiani kama mtu amefika mlangoni akakumbuka "ah, na chumvi pia niletee". Mavyaa atangoja, soseji zitangoja, hili la mimba ndio la kwanza.

Kuna kitu kinaitwa vitamini B12. Hiki kinatengenezwa na bakteria, sio mmea wala mnyama, ila mnyama anakibeba mwilini ndio sisi tunakipata kwa samaki, nyama, mayai na maziwa. Kwenye majani na nafaka huwezi kukitegemea hata ule mchicha gunia zima. Na usidanganywe na wale wanaouza unga wa kijani mtandaoni eti spirulina ina B12 tele, ile iliyo humo nyingi mwili wako hauwezi kuitumia. Mtu mzima aliyekula samaki maisha yake yote ana akiba kwenye ini inayoweza kumpeleka miaka, ndio sababu wengi wanaacha kila kitu wanajiona wazima wanasema mbona mimi niko sawa. Wewe lakini kuna mtu mwengine tumboni anajenga ubongo na mishipa ya fahamu sasa hivi, na akizaliwa atanyonya kwako, kama kwako hakuna na kwake hakuna. Mwenye mimba anahitaji maikrogramu 2.6 kwa siku, kidogo hivyo, lakini kidogo hicho lazima kitoke mahali, na mahali penyewe kwako ni kidonge.

Kwa hivyo wiki hii, sio mwezi ujao, uende kliniki na umwambie nesi waziwazi kwamba huli kitu chochote cha mnyama. Usione haya. Watakupa vile vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma na foliki asidi, meza, lakini jua humo ndani B12 hamna. Na ubaya wa foliki peke yake ni kwamba yaweza kuficha upungufu wa B12 kwenye kipimo cha damu, damu yaonekana nzuri kumbe mishipa inaumia chinichini, mtu anakuja kustuka vidole vimekufa ganzi. Uliza B12 kando, uandikiwe na kiasi chake, na ukienda duka la dawa soma kwenye kichupa kama ganda lake ni la jelatini, sababu jelatini inatoka kwa ng'ombe au nguruwe, hapo utakuwa umeharibu mambo mawili kwa kidonge kimoja. Vya kutafuna ama vya kuyeyusha chini ya ulimi huwa afadhali, ingawa na hivyo soma.

Chumvi tumia ya kawaida ya dukani yenye ayodini, mbichi zile za mawe usizifuate kwa sababu mtu wa TikTok kasema ni asili, samaki ndio alikuwa akikupa ayodini na sasa umemuacha. Chumvi nyingi ya Kenya yatoka papa hapa Gongoni na Marereni, huna haja ya ya Himalaya.

Na chai! Najua Lamu hamli bila chai pembeni. Chai ya rangi na kahawa zinazuia ile chuma ya mboga na kunde isiingie mwilini, basi kula kwanza, chai inywe baada ya saa moja hivi, na mchicha ukamulie ndimu, ndimu inaivuta chuma. Mama yangu alikuwa akikamulia ndimu kila kitu hata hakujua sababu, alikuwa anasema tu chakula bila ndimu kimelala.

Haya, sasa tuje nyumbani.

Mwanangu, wewe unadhani ugomvi ni chakula. Mimi sidhani. Nyumba ya pwani inahesabiwa kwa kitoweo, na unajua mwenyewe mboga kwetu hatuiiti kitoweo hata iwe tamu vipi. Jirani akipita akaona mke wa mvuvi anakula wali kwa mbaazi mchana kweupe, atasema nini? Atasema bahari imemkatalia bwana wake, ama wamegombana kamnyima. Mavyaa wako anaona haya hizo, ila haya ya namna hiyo haisemeki ndio akaishikia dini. Na huyo mume anayeweka samaki mlangoni na kwenda barazani, jamani, yule mtu ametoka alfajiri amekaa na jua mpaka adhuhuri, akichagua pale dikoni yule changu mzuri anamtoa pembeni anasema huyu wa nyumbani. Ndivyo alivyokuwa akikwambia anakupenda na sasa hana pa kumpeleka. Umeshamwambia hata mara moja kwamba humkatai yeye? Naweka dau hujamwambia, umemuonyesha video tu.

Basi mwambie. Usiku, wakati mavyaa amelala, bila simu mkononi. Mwambie yule samaki alinipapatika mkononi nikashindwa, sio wewe, sio kazi yako, na mtoto wako nitamlinda nimeshaenda kliniki. Anza na kliniki ukitaka akusikilize.

La dini sasa. Ukisema kwa mdomo wako kwamba nyama ni dhambi, hapo mavyaa ana haki yake na mimi niko upande wake, sababu Qur'ani imekataza tusijiharamishie vizuri tulivyohalalishiwa. Lakini kutokula sio kuharamisha. Mtume s.a.w. aliletewa mjusi wa jangwani aliyechomwa, nyumbani kwa Bibi Maimuna ambaye ni khala yake Khalid bin Walid, akaurudisha mkono, akaulizwa ni haramu? Akasema la, ila hayuko kwenye nchi ya watu wangu, nafsi yangu haimtaki. Khalid akamvuta akamla pale pale Mtume akiangalia. Hadithi hiyo ni sahihi, mavyaa wako bila shaka ameisikia. Basi wewe sema hivyo hivyo: ni halali, nafsi yangu haimtaki, nyinyi kuleni. Usiongeze neno, na hasa usiwahubirie wakiwa na tonge mdomoni, hakuna kitu kinachochosha kama hicho (nina mpwa wangu alikuwa hivyo, tulikuwa tunamficha siku ya biriani).

Hayo maziwa ya lozi achana nayo. Pakiti moja kwa bei ya kilo mbili tatu za mchele, na nyingine ni maji na lozi chache za kuhesabu. Soseji za soya nilionja mara moja nikahisi natafuna ndara. Wewe umetoka Malindi ukaolewa Lamu halafu unatafuta chakula bila mnyama supamaketi? Mahamri yanakandwa kwa tui, mbaazi za nazi, vitumbua, viazi karai, bajia za kunde, muhogo wa nazi, kisamvu, mseto wa pojo, maharagwe, hivyo vyote umevila tangu huna meno, na kusi likivuma bahari ikachafuka mashua zikalala wiki, nyumba nzima mnakula hivyohivyo wala hakuna aliyesema mmekuwa wazungu. Waulize tu wanaouza, kwa sababu wako wanaotia yai kwenye mkate wa kumimina, wengine maziwa kwenye mahamri, na kaimati wengine wanakandia mtindi, na halwa nyingi ni samli. Hapa Malindi hata Wataliano wana piza yao ya tangu zamani, marinara, nyanya na thomu na mafuta tu, jibini haimo, wala haikungoja mtu aiite vigani.

Ila usinisikie vibaya. Tui ni mafuta. Linafanya kazi ya maziwa kwenye chungu, mwilini halifanyi, protini yake kidogo mno na kalsiamu ndio hivyo hivyo. Nadhani ndio sababu una njaa, unakula wali na mchicha wa nazi ukashiba saa moja. Kila mlo weka kitu cha jamii ya kunde, mbaazi, pojo, dengu, kunde, maharagwe, na usiweke vijiko viwili tu kwa kuona haya, weka bakuli zima mwanangu, wewe ni watu wawili. Katikati ya siku korosho ama njugu. Simsim isiyokobolewa, na inalimwa hapo hapo bara yenu, ina kalsiamu nyingi, ikaange kidogo uitwange uitie kwenye uji, kashata za simsim pia sawa japo sukari yake ni ya kutisha. Fenesi bichi watu wanalisifu linachambuka kama nyama, na kweli linachambuka, nililipika mwenyewe, nilisahau kupaka mafuta mikono na kisu kabla ya kulikata na ule utomvu nilikaa nao siku mbili, lakini protini hamna humo, ni la kubadilisha mdomo tu. Zile nyama za soya za pakiti ni bora zaidi na bei si mbaya, roweka maji ya moto, zikamue mpaka zilie, zikaange na thomu na bizari, ukizitia kwenye mchuzi bila kukamua zinanuka karatasi.

Na kwa ajili ya mume, kuna kitu nataka ufanye siku ya Ijumaa. Biringani la kupaka. Chukua biringani nene, lipasue katikati kwa urefu lakini kikonyo usikikate, lichanje chanje, chumvi, liache robo saa, ulikamue yale maji meusi. Lipake thomu, tangawizi, pilipili na ndimu kama vile unavyompaka samaki wake, uliweke juu ya makaa mpaka ngozi iungue. Tui la kwanza, zito, liweke motoni na bizari ya manjano na ukwaju, ulikoroge huku huondoki, tui likikatika hapo umepoteza nazi mbili, mpaka lianze kung'aa mafuta juu. Limwagie biringani, rudisha makaani, geuza, mwagia tena. Halafu papo hapo kwenye makaa hayo hayo mchome na changu wake umpake tui hilo hilo. Wekeni sinia moja, yeye upande wake wewe wako, wali katikati na bakuli lako la pojo. Mavyaa akiona makaa ni mamoja na tui ni moja atanyamaza kidogo, na asiponyamaza mpe kipande aonje.

Shughuli za watu ni kazi zaidi. Pilau ya harusi au ya Maulidi ule wali wenyewe umepikwa na supu ya nyama, huwezi kuchambua. Kula nyumbani kabla ya kutoka, ukifika shika kachumbari na ndizi, kaa na watu, cheka. Hakuna anayehesabu matonge yako, wanahesabu kama ulikuja.

Moja zaidi ambalo hukuniuliza. Jina hili la vigani walilibuni Waingereza mwaka 1944, na chama chao chenyewe kinasema mtu ajiepushe na vya wanyama kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana. Daktari akipima damu akakwambia mambo si mazuri, akakuandikia yai mpaka ujifungue, utalila, na nisikusikie unalia umewasaliti kuku.

Na uliloniuliza mwisho, kupara samaki. Kupara si lazima. Pale dikoni kuna vijana wanapara kwa pesa kidogo, hela za soseji zinatosha na kubaki. Mwambie mume awe anampitishia pale kabla ya kuja nyumbani, afike hana magamba wala matumbo. Lakini kutoka mlangoni mpaka jikoni umchukue wewe, kwa mikono yako, na umuulize leo bahari ilikuwaje.