Unataka Kuwa Balozi? Anza na Dokezo

"Shikamoo dada. Nimemaliza shahada ya uhusiano wa kimataifa, niko nyumbani Arusha. Nifanye nini ili siku moja niwe balozi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umeingia wiki hii hii niliyokabidhiwa barua ya kwenda kituo kipya, safari hii nikiwa wa pili kwa balozi. Nakujibu hapa kwa sababu wanaoniuliza swali hilo ni wengi, na najua wengi wenu mnaliwaza lile gari lenye bendera.

Jifunze kuandika. Nilipoingia kazini nilipewa mafaili ya ziara za viongozi. Nilitakiwa kuandaa madokezo: mgeni ni nani, anataka nini, sisi tunataka nini kwake, mara ya mwisho tuliahidiana nini. Wenzangu waliiona kazi ya karani. Mimi nilibaki ofisini jioni nikifukua mafaili ya zamani, mpaka wakubwa wakikwama wakawa wanasema, "Muulizeni yule binti." Najivunia hilo.

Aliyenifundisha thamani ya karatasi ni Edward Raczyński wa Poland, niliyemsoma tangu chuoni. Aliingia wizara ya mambo ya nje ya nchi yake mwaka 1919, akapita Copenhagen na London katika vyeo vya chini, akaiwakilisha Poland kwenye Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, kule Geneva, ndipo mwaka 1934 akawa balozi London. Miaka 15, wadogo zangu! Tarehe 25 Agosti 1939 yeye na Lord Halifax, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, walitia saini mkataba wa Poland na Uingereza wa kusaidiana vitani. Wiki moja baadaye Ujerumani iliivamia Poland, na Septemba 3 Uingereza ikatangaza vita.

Lakini kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mwaka 1942. Serikali ya Poland ilikuwa uhamishoni London, naye alikuwa akikaimu uwaziri wa mambo ya nje huku bado ni balozi. Habari za Wayahudi kuuawa kwa halaiki katika Poland iliyokaliwa na Wajerumani zilikuwa zikifika kwa siri, nyingine zikiletwa na mjumbe Jan Karski. Desemba 10 Raczyński alizipelekea serikali za mataifa washirika waraka rasmi ulioeleza mauaji hayo. Siku saba baadaye mataifa hayo yalitoa tamko la pamoja la kuyalaani. Mauaji hayakukoma, na hilo linauma kulisoma mpaka leo. Ila baada ya waraka ule hakuna serikali iliyoweza kusema haikuambiwa. Ukiandika dokezo lako, hata la ziara ya siku mbili, andika ukijua kuna siku litafunguliwa.

Wewe wa Arusha unayajua makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Wale walikuwa wamepelekwa uhamishoni na Wasovieti, wakaachiwa baada ya makubaliano ya Poland na Wasovieti yaliyotiwa saini London Julai 1941, wakapitia Uajemi hadi Afrika Mashariki. Makubaliano hayohayo ndiyo yaliyomfanya waziri wa mambo ya nje August Zaleski ajiuzulu kwa kuyapinga, na Raczyński akashika nafasi yake. Kwa hiyo nenda Tengeru. Soma majina, uone karatasi ya kidiplomasia inavyogusa maisha ya mama na watoto.

Sasa niseme na hili. Kuna kituo Ulaya nilichokiandaa kwa miaka, nchi ambayo kila dokezo lake lilipita mikononi mwangu. Jina langu lilipendekezwa, nikaanza kujifunza lugha yao, mama akawaambia majirani. Akaenda mwingine, ambaye hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu nchi ile, nami nikaombwa nimwandalie faili la kuanzia. Nilimwandalia, tena likawa faili zuri. Bado linaniuma.

Ndiyo maana nasema jifunze kuandika, na jiandae kufanya kazi bila cheo. Ubalozi ni uteuzi wa Rais. Huwezi kuupanga kama mtihani. Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya uhamishoni aliyoitumikia Raczyński. Ubalozi ukapita kwa wengine, na nchi yake ikawa chini ya wakomunisti. Alibaki London akiwashughulikia Wapolandi wenzake waliokwama ugenini, mwaka hadi mwaka, bila taifa kubwa lolote kumwita balozi. Mwaka 1979, akiwa na miaka 87, alikubali urais wa serikali ile ya uhamishoni. Miaka saba ilipotimia akamkabidhi Kazimierz Sabbat, akaondoka.

Kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri nafasi zitangazwe. Chagua nchi moja leo. Jua inanunua nini kwetu, inatuuzia nini, nani aliwahi kutuwakilisha kule. Iandikie dokezo la kurasa mbili, lisizidi, kisha lipunguze liwe moja. Mwezi ujao chagua nchi nyingine.